Kijidudu Hakina Mbawa

   Maneno haya yamepigwa chapa ili uyasome polepole, peke yako au pamoja na wenzako darasani. Ukikwama penye neno, usione haya. Rudi nyuma, lisome tena kwa silabi, kisha endelea.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Leo tutazungumza juu ya hewa. Lakini si hewa ya shambani wala ya barabarani. Ni hewa ya chumba kimoja tu, chumba ambacho wengi wetu tunakiogopa: chumba cha kupasulia wagonjwa hospitalini.

Huenda ukaniuliza, "Mimi ni mkulima. Hayo yananihusu nini? Si kazi ya madaktari hiyo?" Swali lako ni zuri. Nitakujibu kwa mfano.

Tuseme mke wa jirani yako ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto amekaa vibaya. Daktari anasema lazima mama apasuliwe. Mama analazwa juu ya kitanda cha magurudumu, anaingizwa ndani, na mlango unafungwa. Wewe, mumewe, mama mkwe wake na shangazi yake mnabaki nje kwenye benchi. Mmeleta khanga za kumpokelea mtoto. Mnataka kuingia. Muuguzi anatoka, amefunika pua na mdomo, macho tu ndiyo yanayoonekana. Anasema, "Samahanini, wazee wangu, ngojeni hapa nje." Mume anakasirika. Anasema, "Mke ni wangu, mtoto ni wangu, nami nafukuzwa kama mwizi!"

Je, muuguzi huyo ana kiburi? Au liko jambo analolilinda? Hilo ndilo somo letu la leo.

Maneno ya leo

Mwalimu, tafadhali andika maneno haya ubaoni. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti:

hewa – vumbi – ngozi – tone – kijidudu – barakoa – mlango – kidonda

Neno "kijidudu" lina silabi nne: ki-ji-du-du. Vikiwa vingi tunasema vijidudu. Kijidudu ni kitu chenye uhai, kidogo mno, hata jicho haliwezi kukiona bila hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo sana. Vijidudu vingi havina madhara kwetu. Vingine huleta maradhi. Na viko vingine ambavyo mahali pake vimetulia, lakini vikihamishwa mahali pengine huleta hatari. Shika sana hilo la mwisho, kwa maana tutalirudia.

Vumbi katika mwale wa jua

Kesho asubuhi fanya jaribio dogo. Ingia katika chumba chenye giza kidogo, chenye tundu katika paa au ufa katika dirisha. Jua likipenya, utaona mstari wa nuru. Utazame vizuri. Ndani yake utaona vitu vidogo vidogo vinaelea, vinapanda na kushuka. Sasa kung'uta shuka la kitandani. Tazama tena. Vimekuwa vingi. Mwambie mtoto apite mbio mbele yako. Vimeongezeka tena.

Vumbi hilo halikuletwa na jua. Lilikuwapo tangu mwanzo. Nuru imekuonyesha tu kitu unachokivuta puani kila siku.

Vumbi hilo ni nini? Sehemu yake ni udongo. Sehemu ni nyuzi za nguo, na sehemu ni majivu ya jikoni. Na sehemu nyingine, ndugu yangu, ni wewe mwenyewe. Ndiyo, ni ngozi yako. Ngozi ya mtu haikai ile ile siku zote. Ya juu hukauka na kubanduka, na mpya hutokea chini yake. Unaujua mba wa kichwani. Basi mwili mzima hufanya hivyo, ila vipande vyake ni vidogo mno, huwezi kuviona. Tuviite magamba ya ngozi.

Wataalamu wamejaribu kuyahesabu. Wamekuta kwamba mtu anayetembea hudondosha magamba kama 10,000 kwa dakika moja. Katika kila magamba 10, gamba 1 hivi hubeba vijidudu. Haya, tufanye hesabu. Gawanya 10,000 kwa 10. Unapata ngapi? Unapata 1,000. Kwa hiyo mtu mmoja akitembea chumbani dakika moja tu, huacha hewani magamba kama 1,000 yenye vijidudu. Wala si kwa sababu ni mchafu. Hata aliyeoga asubuhi ya leo hudondosha. Ndivyo mwili ulivyo.

Sasa tufanye jaribio la pili. Weka kiganja chako mbele ya mdomo, karibu. Sema kwa sauti: pipa, papai, pilipili. Umesikia nini? Umesikia pumzi ikigonga kiganja. Pamoja na pumzi hiyo yametoka matone madogo ya mate. Ukikohoa hutoka mengi. Ukipiga chafya hutoka mengi zaidi. Matone makubwa huanguka upesi. Yaliyo madogo sana hukauka, yakabaki yanaelea hewani kitambo, na yaliyomo ndani yake huelea pamoja nayo.

Sasa umelifikia jambo kubwa la leo. Lisome, kisha ulinakili katika daftari lako:

Kijidudu hakina mbawa. Hubebwa.

Kijidudu hakiruki kama mbu. Hupanda gamba la ngozi, au tone la mate, au chembe ya vumbi, kama abiria apandavyo basi. Penye watu wengi, mabasi ni mengi. Penye watu wachache, waliotulia na kufunikwa vizuri, mabasi ni machache.

Ngozi ni ukuta

Kama tunaishi na vijidudu siku zote, mbona hatuugui kila siku? Kwa sababu ngozi yetu ni kama ukuta wa nyumba. Vijidudu hukaa nje ya ukuta. Iko aina moja ambayo madaktari huiita stafilokokasi. Ndiyo iletayo majipu na usaha. Karibu watu 3 katika kila 10 wanaibeba puani mwao, nao hawaumwi chochote. Huenda wewe ni mmoja wao. Huenda na mimi ni mmoja wao.

Lakini daktari anapopasua, anafungua mlango katika ukuta huo. Ndani hamjazoea wageni. Kijidudu kilichokuwa kimetulia puani mwa mtu kikianguka katika kidonda kilicho wazi, hupata joto, hupata unyevu, hupata chakula. Huanza kuzaana. Baada ya siku chache kidonda hufura, huwa chekundu, huuma, hutoa usaha. Mgonjwa hushikwa na homa. Wengine hurudishwa mezani kupasuliwa tena. Wengine hufa, na ile kazi aliyoifanya daktari ilikuwa njema.

Haya si mambo ya kale tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaopasuliwa hupata maradhi ya kidonda. Na katika Afrika, kati ya akina mama wanaopasuliwa ili wazae, idadi yaweza kufikia 20 katika kila 100. Fikiri juu ya akina mama watano waliopasuliwa hivyo. Mmoja wao aweza kuwa ndiye huyo.

Jinsi watu walivyojifunza

Watu hawakuyajua haya kwa siku moja. Walijifunza polepole, tena kwa kukosea.

Mapema katika miaka ya 1860, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alichemsha mchuzi katika chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa kama shingo ya bata. Mdomo wa chupa ulikuwa wazi. Hewa iliingia na kutoka. Lakini vumbi lilikwama penye shingo, halikuufikia mchuzi. Mchuzi ulikaa muda mrefu bila kuoza. Alipoivunja shingo na vumbi kuingia, mchuzi uliharibika. Umeona? Kosa halikuwa la hewa. Kosa lilikuwa la mizigo iliyobebwa na hewa.

Daktari mmoja mpasuaji, jina lake Joseph Lister, alisoma habari za Pasteur. Lister alikuwa akifanya kazi katika mji wa Glasgow. Siku zile mtu aliyevunjika mguu hata mfupa ukatokeza nje ya ngozi, mara nyingi alikatwa mguu, ama alikufa kwa usaha. Mwaka 1865 aliletwa mtoto wa kiume wa miaka 11. Gurudumu la gari la kukokotwa lilikuwa limempita mguuni. Lister alifunika kidonda kwa kitambaa kilichochovywa katika dawa kali iitwayo kaboliki. Kidonda hakikutoa usaha. Baada ya majuma sita mtoto alitoka hospitalini akitembea kwa miguu yake miwili.

Kisha Lister akafikiri zaidi. Kama vijidudu vimo hewani, basi na tuvipige huko huko hewani! Katika miaka ya 1870 alitumia mtambo wa kupuliza kaboliki kama ukungu chumbani wakati wa kupasua. Macho ya madaktari yaliwasha, mikono yao ilibabuka, na mgonjwa aliyelala aliloa dawa. Hata hivyo waliendelea miaka mingi. Mwishowe Lister mwenyewe aliona kwamba ukungu ule haukuwa na faida aliyoitumaini. Aliuacha. Mwaka 1890, mjini Berlin, mbele ya madaktari wenzake, alisema kwamba anaona haya kwa kuwa aliwahi kuwashauri watu kuutumia.

Ndugu msomaji, mtu mwenye sifa duniani kote alisimama akasema, "Katika jambo hili nilikosea." Hilo nalo ni somo. Na maana yake kwetu ni hii: hatuwezi kuosha hewa kwa dawa huku mgonjwa yumo ndani. Tufanye nini basi? Tuzuie mizigo isipakiwe.

Ndivyo alivyofanya Jan Mikulicz. Huyu alikuwa mpasuaji katika mji wa Breslau, ambao leo uko katika nchi ya Poland na huitwa Wrocław. Katika mji huo huo alikuwako mtaalamu Carl Flügge. Huyu alionyesha kwamba mtu akisema tu, hata bila kukohoa, hurusha matone yenye vijidudu. Mwaka 1897 Mikulicz alianza kupasua akiwa amefunga kitambaa cha shashi juu ya pua na mdomo. Mwaka huo huo, mjini Paris, mpasuaji Paul Berger naye alianza kufanya hivyo. Kitambaa hicho ndicho baba wa barakoa unazoziona leo.

Nyonga za Wrightington

Nitawapa habari moja zaidi, kisha turudi kwenye benchi tulipomwacha mume amekasirika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Wrightington, kaskazini-magharibi ya Uingereza, alikuwako mpasuaji aitwaye John Charnley. Alikuwa akiwatia wazee nyonga za bandia, za chuma na plastiki, mahali pa nyonga zilizolika. Wazee walioshindwa kutembea walisimama tena. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini katika upasuaji wa miaka ya kwanza, karibu wagonjwa 9 katika kila 100 walipata usaha. Na chuma hakina damu. Kijidudu kikijishikiza juu ya chuma, ulinzi wa mwili hukifikia kwa shida sana. Mara nyingine ilibidi nyonga mpya itolewe, na mzee arudi kitandani akiwa na hali mbaya kuliko kwanza.

Charnley alishuku hewa ya chumba. Akajenga chumba kidogo ndani ya chumba cha kupasulia. Ndani yake walikaa mgonjwa na wapasuaji wachache tu. Hewa ilipitishwa kwanza katika chujio, kisha ikaletwa ndani kwa wingi. Nguo za wapasuaji zilishonwa kwa kitambaa kisichopitisha magamba kwa urahisi. Baadaye walivaa vifuniko vya kichwa vyenye mpira wa kunyonya pumzi na kuitoa nje. Namna ya kushona kidonda ilibadilishwa pia. Kufika mwaka 1970 hivi, waliopata usaha walikuwa chini ya 1 katika kila 100.

Je, ni hewa safi iliyofanya yote hayo? Watu walibishana, na ni haki kubishana, kwa maana mambo mengi yalibadilishwa pamoja. Mwaka 1982 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Uswidi. Wagonjwa waliotiwa nyonga au magoti ya bandia walikuwa zaidi ya 8,000. Katika vyumba vya kawaida, 15 katika kila 1,000 walipata usaha ndani ya kiungo. Katika vyumba vya hewa safi sana, walikuwa 6 katika kila 1,000.

Lakini elimu haisimami. Siku hizi mgonjwa hupewa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kupasuliwa, na njia nyingine za usafi zimeendelea. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipima ushahidi wa siku za karibuni. Likashauri kwamba mitambo ile ya gharama kubwa, imwagayo hewa mfululizo juu ya mgonjwa, isitumiwe kwa shabaha ya kupunguza usaha katika upasuaji wa viungo. Haikuonekana kuwa na faida kuipita hewa ya kawaida inayobadilishwa vizuri.

Jambo hilo ni habari njema kwetu. Hospitali isiyo na mtambo wa fedha nyingi haijashindwa. Jambo la kwanza ni lile lile: punguza watu, punguza mwendo, punguza vumbi, funga mlango.

Chumba cha kupasulia cha leo

Sasa nikuingize ndani ya chumba hicho kwa maneno, kwa kuwa kwa miguu huruhusiwi.

Katika hospitali yenye mitambo, hewa ya chumba hubadilishwa mara 15 au 20 kwa saa moja. Fanya hesabu: dakika 60 gawanya kwa 20. Ni kila dakika 3. Hewa hiyo hupitishwa kwanza katika chujio. Tena huletwa kwa wingi kuliko inavyotolewa, hata hewa ya chumba husukuma kwenda nje. Mfano wake ni tairi la baiskeli. Ukilitoboa, hewa hutoka nje. Ya nje haiingii. Ndivyo chumba hicho kilivyo. Penye upenyo wowote hewa safi hutoka, na vumbi la ukumbini halipati njia. Lakini mlango ukiachwa wazi, au ukifunguliwa mara kwa mara, msukumo huo hupotea na hewa ya nje huchanganyika na ya ndani. Ni tairi lililopasuka.

Walio ndani wamevaa nguo zisizovaliwa nje ya hapo. Nywele zimefunikwa. Pua na mdomo vimefunikwa kwa barakoa, ambayo hukamata matone mengi, ijapokuwa haikamati yote. Kila mtu ana kazi yake. Maneno ni machache. Hakuna anayekung'uta shuka wala kuzunguka ovyo.

Na pasipo mitambo je? Ziko hospitali ndogo nyingi zisizo na mashine ya hewa, nazo hupasua kila siku. Wafanyakazi wake wanaweza kufanya mambo mengi yasiyohitaji fedha. Kila kifaa hukusanywa kabla ya kuanza, ili mtu asitoke mbio kutafuta uzi. Sakafu hupigwa deki kwa kitambaa chenye maji na dawa, wala haifagiliwi kwa ufagio mkavu, kwa maana ufagio mkavu huliamsha vumbi lililolala. Feni haiwashwi juu ya kidonda, kwa kuwa hutimua vumbi. Wanaokuja kutazama tu hubaki nje. Mfanyakazi mwenye jipu au mafua makali humwambia mkubwa wake, apewe kazi nyingine siku hiyo.

Na mgonjwa mwenye kifua kikuu? Huyo hewa yake yaweza kuwadhuru wengine. Kama upasuaji waweza kungoja, hungoja mpaka dawa zimefanya kazi. Kama hauwezi kungoja, hupasuliwa mwisho wa siku, watu wakiwa wachache, nao huvaa barakoa za namna nyingine zinazochuja zaidi.

Fungu lako wewe

Hapo ndipo unapoingia wewe, mkulima, mvuvi, mama lishe, mwenye duka. Siku moja utalala juu ya meza ile, au utamsindikiza aliyelala. Shika haya.

Kwanza, oga kwa sabuni usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa, au asubuhi yake. Utapunguza vijidudu na magamba.

Pili, usijinyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa. Wembe huacha mikwaruzo, na mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Ikihitajika, wauguzi watazipunguza nywele kwa mashine.

Tatu, kama unakohoa, una homa, una mafua au una jipu, hata likiwa dogo na mahali pa aibu, sema. Usifiche kwa kuogopa kuahirishwa. Kuahirishwa juma moja ni kuzuri kuliko kulala hospitalini miezi mitatu.

Nne, vua nguo zako na uvae ya hospitali bila ubishi. Nguo zako ni safi machoni pako, lakini zimepita njiani, zimekaa katika basi, zimebeba vumbi la safari.

Tano, khanga za mtoto zifuliwe, zikauke vizuri, zipigwe pasi, zitiwe katika mfuko safi, na akabidhiwe muuguzi. Yeye atajua wakati wa kuziingiza.

Sita, usiusukume mlango ule. Usichungulie. Usimwite muuguzi atoke kila dakika akupe habari.

Saba, mgonjwa akirudi kitandani, usifunue bandeji ili kumwonyesha jirani. Osha mikono kabla ya kumshika. Mwenye kikohozi asimwinamie.

Nisikudanganye, ndugu yangu. Hewa ni njia moja ya vijidudu. Si njia zote. Vingi hutoka katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Vingine huja kwa mikono isiyooshwa na vyombo visivyopikwa vizuri kwa mvuke. Daktari anayefunga mlango lakini hanawi mikono hajafanya kitu. Wala wewe usiogope kumwuliza muuguzi kwa adabu, "Dada, samahani, umekwisha nawa mikono?" Muuguzi mwema hatakasirika.

Turudi kwenye benchi

Sasa turudi kwa yule mume. Ametulia kidogo. Wewe umeketi karibu naye. Umelisikia somo hili, yeye hakulisikia. Utamwambia nini?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba zetu ni kweli. Lakini katika chumba kile kila mgeni asiye na kazi huingia na mzigo wake, na mwenyeji aliyelala mezani ndiye anayeutua mwilini. Mwambie hivyo. Mwambie, "Ndugu yangu, hukufukuzwa. Umepewa kazi. Mlango huu uliofungwa ni dawa, nasi tuliokaa nje tunamnywesha mkeo dawa hiyo." Kisha ngojeni pamoja. Mlango utafunguliwa kwa wakati wake.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Uliona nini katika mwale wa jua ulipokung'uta shuka?
2. Vijidudu husafiri hewani juu ya vitu gani? Taja viwili.
3. Kwa nini Lister aliuacha ukungu wa kaboliki?
4. Chumba cha kupasulia kinafananaje na tairi la baiskeli?
5. Watu 6 wametembea chumbani dakika 1. Kila mmoja amedondosha magamba 1,000 yenye vijidudu. Jumla ni ngapi? Wakipunguzwa wakawa 4, jumla ni ngapi?
6. Katika kijiji chenu, ndugu wa mgonjwa hufanya nini wakati wa kungoja? Ni desturi gani ya kushikwa, na ipi ya kuachwa?

Nakili sentensi hizi mara tatu kwa mwandiko mzuri:

Kijidudu hakina mbawa. Hubebwa.
Mlango uliofungwa ni dawa.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kunawa mikono. Mwalimu, tafadhali uwe na beseni, maji na sabuni darasani. Mpaka wakati huo, kaeni salama. Kwaherini.